Yahya: Jina Lisilokuwa na Somo

Katika desturi za Waswahili, watu wawili wenye jina moja huitana "somo". Neno lenyewe ni dogo, lakini limebeba mapenzi makubwa. Somo hutaniwa, somo huletewa zawadi, na mjukuu aliyepewa jina la babu yake husimama mbele ya watu kana kwamba ni babu mwenyewe amerudi ujanani. Aghalabu mtoto azaliwapo, swali la kwanza la jamaa huwa: Je, ni somo wa nani?

Basi fikiri, ndugu msomaji, habari ya mtoto ambaye siku ya kuzaliwa kwake hakuwa na somo hata mmoja, wala aliyemtangulia kwa jina hilo hakupata kuwako. Mtoto huyo ni Nabii Yahya bin Zakaria, amani iwe juu yake. Katika Sura Maryam, aya ya 7, Mwenyezi Mungu alimbashiria Zakaria kuwa atapata mwana, akamtajia na jina la mwana huyo, kisha akamjulisha kuwa hakuna aliyepewa jina hilo kabla yake. Neno la Kiarabu lililotumika hapo ni "samiyya", na kwa Kiswahili hatuna haja ya kulizungukia kwa maelezo marefu: maana yake ni somo.

Wafasiri wa Kurani wamelieleza neno hilo kwa njia mbili. Wako waliosema kuwa maana ni ile iliyo dhahiri, yaani hapana mtu aliyewahi kuitwa Yahya kabla ya mwana wa Zakaria. Wengine wamesema kuwa maana ni mfano au mlingana, yaani hapakuwa na mtu aliyefanana naye kwa sifa zake. Kauli zote mbili zamtukuza Nabii huyu, na zote mbili zatufundisha kuwa jina si kelele ya kumwitia mtoto tu. Jina hili lilitajwa kwanza mbinguni, na mwenyewe akazaliwa baadaye.

Katika makala haya twataka kulitazama jina hili: maana yake, asili yake, na waliolichukua. Twataka kulitazama hasa kwa macho ya nyumba za Waislamu wanaokaa mbali na pwani, katika nchi kama ile ya Liparamba, kusini ya Mbinga, baina ya vilima vya mpaka wa Msumbiji na ufuko wa Ziwa Nyasa. Huko jina Yahya ni adimu, lakini ndugu yake wa damu, jina Yohana, husikika katika kila kijiji. Na katika jambo hilo lipo funzo, tena ipo na dawa ya ugomvi unaovunja nyumba nyingi.

Nchi ya majina mengi

Liparamba leo imo katika Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Mbinga mwaka 2012. Ni nchi ya mchanganyiko. Wanyasa wa pwani ya ziwa, Wamatengo wa milimani wenye mashimo yao ya ngoro, Wangoni na Wayao, wote wamekutana huko kwa kilimo, kwa uvuvi, kwa biashara na kwa ndoa.

Uislamu uliingia katika nchi zilizozunguka ziwa kwa njia ya misafara iliyokuwa ikienda na kurudi baina ya Kilwa na bara, na Wayao walikuwa mabingwa wa njia hiyo. Ng'ambo ya magharibi, mahali paitwapo Nkhotakota, akina Jumbe kutoka pwani waliweka makao yao katika karne ya 19. Kwa upande mwingine, wamisionari wa Kianglikana walijenga kituo katika kisiwa cha Likoma mwaka 1885, na Wabenediktini wa Kikatoliki walifika Peramiho mwaka 1898, kisha Kigonsera mwaka 1899. Kwa hiyo yeyote aliyezaliwa katika nchi hiyo hukuta mlio wa kengele na sauti ya adhana vimemtangulia.

Na majina nayo yamechanganyika vivyo hivyo. Yako majina ya siku, kama Juma na Hamisi. Yako majina ya kimila ambayo mtoto hurithi kwa babu. Wayao walikuwa na desturi ya kumpa kijana jina jipya atokapo jandoni, akaliacha la utotoni nyuma pamoja na nguo zake za zamani. Tena yako majina ya huzuni, kama Tabu, Shida, Mashaka na Masumbuko, ambayo wazazi huyatoa kwa ajili ya misiba iliyowapata wakati mtoto alipozaliwa.

Wako pia watu waliobeba katika jina lao historia yote ya nchi. Mashuhuri miongoni mwao ni kasisi wa Kianglikana Yohanna Abdallah, Myao wa Unango, katika upande wa Msumbiji wa nchi hiyo hiyo ya ziwa. Yeye ndiye aliyeandika kwa Kiyao historia ya kabila lake, kitabu kiitwacho Chiikala cha Wayao, kilichopigwa chapa Zomba mwaka 1919. Tazama jina lake: la kwanza ni la Nabii Yahya kwa matamshi ya Wakristo, na la pili, Abdallah, ni neno la Kiarabu lenye maana ya mtumishi wa Mungu. Majina mawili yaliyokutana katika mtu mmoja yaonyesha jinsi nyumba za nchi ile zilivyo karibu, hata kama watu wake husali mahali mbalimbali.

Maana ya jina

Ukimwuliza mwanafunzi wa madrasa maana ya Yahya, atakujibu mara moja: "anaishi". Na jibu lake ni sawa. Katika Kiarabu neno hili lafanana na kitenzi chenye maana ya kuishi, nalo latoka katika mizizi ile ile ya neno "hai" na neno "hayati" tunayoyatumia katika Kiswahili. Waandishi wa Kiarabu, wakitaka kutofautisha jina na kitenzi, huandika kitenzi kwa alifu mwishoni, na jina huliandika kwa umbo la herufi ya yaa. Sauti ni moja, maandishi mawili.

Kwa nini basi aliitwa "anaishi"? Wanavyuoni wametoa sababu kadhaa. Wako waliosema ni kwa sababu Mwenyezi Mungu aliuhuisha uzazi wa mama yake, aliyekuwa tasa, na baba yake alikuwa mzee aliyekwisha kukonda mifupa na kuota mvi. Wengine wakasema ni kwa sababu moyo wake ulihuishwa kwa imani na utiifu. Na wengine wakasema ni kwa sababu alikufa shahidi, na mashahidi wako hai kwa Mola wao.

Lakini habari za jina hili haziishii katika Kiarabu. Wana wa Israili walimwita Nabii huyu Yohanan, na katika Kiebrania maana ya jina hilo ni kuwa Mungu amerehemu, au Mungu amefadhili. Mizizi ya neno la kurehemu hapo ni herufi tatu: ha, nuni na nuni. Sasa ifungue Sura Maryam, aya ya 13, pale Mwenyezi Mungu anapotaja aliyompa Yahya. La kwanza alilolitaja ni "hanani", yaani huruma itokayo kwake, nalo ni neno la herufi zile zile tatu. Jina la Kiarabu lataja uhai, na sifa aliyosifiwa nayo katika Kurani yataja rehema iliyomo katika jina la Kiebrania. Mwenye kutafakari atafurahi.

Kutoka Yohanan ndipo yalipopatikana majina mengi ya ulimwengu: Yohana wa Waswahili, Yohane wa Wanyanja, João wa Wareno walioitawala Msumbiji, John wa Waingereza, Jean wa Wafaransa, Juan wa Wahispania, Ivan wa Warusi, na Yohannes wa Wahabeshi. Wakristo wa Kiarabu nao humwita Yuhanna. Kule Iraki wako watu wa dini ya kale waitwao Wamandai, wanaomheshimu sana Nabii huyu, nao huyaunganisha majina yote mawili wakamwita Yahia Yuhana.

Kwa hiyo yatupasa tufahamu jambo hili vizuri: Yahya na Yohana si watu wawili. Ni mtu mmoja, Nabii mmoja, aliyetajwa katika Kurani kwa jina lake mara tano: katika Sura Al-Imran, katika Sura Al-An'am, mara mbili katika Sura Maryam, na katika Sura Al-Anbiya. Naye ndiye ambaye Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) alimkuta katika mbingu ya pili usiku wa Miiraji, akiwa pamoja na Nabii Isa (a.s.).

Jamaa walipokataa

Wakristo nao wanayo habari ya kupewa jina kwa Nabii huyu, nayo imo katika Injili ya Luka, sura ya kwanza. Imeelezwa humo kuwa siku ya nane jamaa walikusanyika ili mtoto atahiriwe, wakataka kumwita Zakaria, jina la baba yake. Mama akakataa, akasema ataitwa Yohana. Wakamjibu kuwa katika ukoo wake hapana mtu mwenye jina hilo. Ndipo wakamwendea baba, ambaye ulimi wake ulikuwa umezuiwa kusema, naye akaomba kibao akaandika kuwa jina la mtoto ni hilo hilo alilolisema mama.

Tumeitaja habari hii kwa sababu kila mzazi wa leo ataitambua. Nani asiyejua kikao cha jamaa baada ya mtoto kuzaliwa? Shangazi analo jina lake, babu analo lake, mjomba amekwisha kulitangaza lake sokoni kabla ya kuulizwa. Na silaha inayotumiwa siku zote ni ile ile: "Jina hili latoka wapi? Katika ukoo wetu hamna."

Desturi ya kurithisha majina ni nzuri. Hushikamanisha ukoo, na humfanya mzee ajione hakusahauliwa. Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe, alipozaliwa mwanawe kwa Bibi Mariya, alimwita Ibrahim, akasema kuwa amempa jina la baba yake Ibrahim, yaani Nabii Ibrahim (a.s.). Hata hivyo ukoo hauwi juu ya haki. Imepokewa katika Bukhari kuwa mtu mmoja aitwaye Hazni, na maana yake ni ugumu, alifika kwa Mtume (s.a.w.), naye Mtume akamwambia kuwa tangu leo yeye ni Sahli, yaani wepesi. Mtu yule akakataa kulibadili jina alilopewa na baba yake. Mjukuu wake, mwanachuoni mashuhuri Said bin al-Musayyib, alisimulia kuwa ugumu ule haukuondoka katika ukoo wao. Tazama jinsi ukaidi wa jina ulivyokuwa urithi mzito kwa vizazi.

Mfano wa nyumba iliyogawanyika

Sasa na tuuchukue mfano ambao waweza kutokea katika kijiji chochote cha ufuko wa Nyasa. Kijana Mwislamu amemwoa binti aliyesilimu. Baba wa binti ni mzee Mkristo, jina lake Yohana, mvuvi aliyewalea wanawe kwa jasho lake. Mzee hakumzuia binti yake kusilimu, wala hakuukata udugu; alichotaraji ni kimoja tu, kwamba mjukuu wa kwanza wa kiume awe somo wake, kama ilivyo mila ya kwao. Mtoto anazaliwa. Upande wa baba wasema: "Mtoto wa Kiislamu hawezi kuitwa Yohana." Upande wa mama wasema: "Basi mmetuambia kuwa sisi si watu." Siku ya saba yafika, mbuzi wa akika amefungwa mtini, na jina halijapatikana.

Ndugu zetu, ugomvi wa namna hii si mdogo. Kwa ajili yake mama huacha kupeleka mtoto kwa babu, na babu huacha kuja. Mtoto hukua akiitwa jina moja nyumbani na jina jingine kwa bibi, asijue ajibu lipi. Na yote haya hutokea katika nyumba ambayo jibu lake liko tayari, limeandikwa katika Kurani.

Mtoto huyo na aitwe Yahya. Kwa jina hilo hakutoka hata hatua moja nje ya Uislamu, maana ni jina la Nabii ambalo Mwenyezi Mungu mwenyewe ndiye aliyelichagua. Na kwa jina hilo hilo amekuwa somo wa babu yake kwa kweli, si kwa hila wala kwa maneno ya kumbembeleza mzee, kwa sababu Yahya na Yohana ni jina la mja mmoja wa Mungu. Mzee atamwita mjukuu wake "somo", na baba atamwita mwanawe Yahya, na hapana aliyesema uongo.

Atakayeona kuwa kumfurahisha babu asiye Mwislamu ni jambo lisilofaa, na akumbuke habari ya Asma binti Abubakar. Mama yake alikuwa bado ni mshirikina alipomjia, naye Asma akamwuliza Mtume (s.a.w.) kama ni halali kumfanyia wema. Mtume akamwamuru aunganishe udugu na mama yake. Ikiwa hivyo ndivyo kwa mshirikina wa Makka, je, mzee huyu aliyemlea mama wa mtoto wako na asikuzuilie dini yako?

Waliolichukua jina hili

Ijapokuwa jina hili halikuwa na somo hapo mwanzo, baadaye masomo wake walijaa duniani. Katika wanavyuoni wa Hadithi yuko Yahya bin Main, aliyekufa mwaka 233 wa Hijra, bingwa wa kuwapambanua wapokezi wakweli na waongo. Katika Andalusi yuko Yahya bin Yahya al-Laythi, aliyekufa mwaka 234 wa Hijra, ambaye kwa mapokezi yake Muwatta ya Imamu Malik yasomwa hata leo.

Lakini Yahya aliye karibu nasi zaidi ni yule ambaye wengi wetu hatujui kuwa jina lake ni Yahya. Ni nani katika madrasa zetu asiyemsikia Imamu Nawawi? Hadithi zake Arubaini husomeshwa watoto, Riadhi Salihina husomwa misikitini, na Minhaji yake ni nguzo ya fikihi ya Kishafii iliyoenea pwani yote na bara. Basi Nawawi si jina lake. Ni nisba ya mji wake wa Nawa katika nchi ya Shamu. Jina lake ni Yahya bin Sharaf. Alizaliwa mwaka 631 wa Hijra, sawa na 1233, akafa mwaka 676, sawa na 1277, umri wake usiozidi sana miaka 45. Akaitwa Abu Zakaria, yaani baba wa Zakaria, ijapokuwa hakuoa wala hakuzaa. Ni desturi ya Waarabu kumpa kila Yahya lakabu hiyo kwa kumkumbuka Zakaria na mwanawe.

Imesimuliwa kuwa Nawawi alipokuwa mtoto wa kama miaka kumi, wenziwe walimshika wakamlazimisha kucheza, naye akawakimbia akilia huku akisoma Kurani. Na alipokuwa mtu mzima aliandika barua kwa Sultani Baybars, mfalme aliyeogopwa kuliko wote wa zama zake, akimkanya juu ya kuwatwaa raia wa Dameski mashamba yao. Katika mambo hayo mawili alimfuata somo wake. Maana Mwenyezi Mungu ametueleza kuwa Yahya aliamrishwa akishike Kitabu kwa nguvu, akapewa hikima angali mtoto. Na mwanahistoria wa Kiyahudi Josephus ameandika kuwa mfalme Herode aliogopa jinsi watu walivyomfuata, akamfunga katika ngome ya Machaerus, iliyo katika nchi ya Yordani ya leo, akamwua humo.

Hapa Afrika ya Mashariki tulikuwa naye Mwalimu Yahya Ali Omar wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1924 na kufariki mwaka 2008, mjuzi wa Kiswahili cha kale na wa miswada ya tenzi, ambaye wanavyuoni wa London walikaa mbele yake wakijifunza. Na vijana wapendao mpira watamkumbuka Yaya Touré wa Kodivaa, aliyechaguliwa mchezaji bora wa Afrika mara nne mfululizo, tangu mwaka 2011 hadi 2014. Yaya hiyo ni Yahya kwa matamshi ya Waislamu wa Afrika ya Magharibi.

Jina si hirizi

Yapo mawili ya kuwaonya wazazi.

La kwanza, wako watu ambao wakifiwa na watoto wawili au watatu, humpa anayefuata jina la ajabu wakidhani kuwa kifo kitalichukia na kumpita. Na wengine wasikiapo kuwa Yahya maana yake ni "anaishi", hulitaka kwa tamaa hiyo hiyo. Kumpa mtoto jina la uhai baada ya misiba ni dua njema, tena ni bora kabisa kuliko kumwita Tabu au Masumbuko, akalibeba hadi uzeeni jina la machozi ya mama yake. Lakini jina si hirizi. Yahya mwenyewe aliuawa. Na Mtume wetu (s.a.w.), mbora wa viumbe, aliwazika wanawe wote wa kiume wakiwa wadogo. Mtoto wa ufuko wa ziwa alindwe kwa dua, na pia kwa chandarua, kwa chanjo, kwa maji yaliyochemshwa, na kwa kupelekwa kliniki mapema homa inapoanza. Atendaye hayo ndiye aliyelielewa jina alilompa mwanawe.

La pili ni habari ya kulitamka na kuliandika. Waswahili wengi husema Yahaya, na hapo hapana ubaya, maana ulimi wetu hupenda irabu baina ya herufi mbili, kama tulivyofanya kwa Bakari. Lakini wako wanaoimeza ile herufi ha wakasema Yaya. Kwa watu wa Afrika ya Magharibi hilo halina neno. Kwetu sisi yaya ni mlezi wa watoto, na kijana akiitwa hivyo shuleni wenziwe watamcheka mpaka alichukie jina lake. Wazazi na walimu na walisemeshe vizuri tangu mwanzo. Na karani naye asije akaona jina geni akaamua kuliandika Yohana kwa kulizoea.

Mzazi achague umbo moja, Yahya au Yahaya, kisha alishike hilo hilo: katika kadi ya kliniki, katika cheti cha kuzaliwa, katika daftari la shule, na katika kitambulisho cha taifa. Herufi moja iliyozidi au kupungua huweza kumzungusha kijana ofisi hadi ofisi akitafuta hati ya kiapo, siku anapotaka kwenda chuo au kupata kazi. Isomwe kadi palepale dirishani kabla ya kuondoka.

Haki ya mwenye jina

Wahenga walisema: Jina jema hung'ara gizani. Lakini taa nayo haiwaki bila mafuta. Ukimwita mwanao Yahya, umemwahidi mambo ambayo Mwenyezi Mungu aliyataja katika sifa za Yahya wa kwanza: kukishika Kitabu kwa nguvu, kuwa na huruma, kutakasika, kumcha Mungu, na kuwatendea mema wazazi wawili bila ya jeuri wala uasi. Basi mfundishe Kurani angali mdogo. Mfundishe kusema kweli mbele ya mkubwa kwa adabu. Na usimtake awe mwema kwa wazazi wake ilhali akuona wewe unamtupa babu yake.

Katika Sura Maryam, aya ya 15, Yahya alipewa amani katika siku tatu: siku aliyozaliwa, siku ya kufa kwake, na siku atakayofufuliwa. Siku mbili za mwisho hazimo mikononi mwetu. Ya kwanza tunao upande wetu ndani yake. Siku ya saba, mbuzi akichinjwa na jamaa wa pande zote mbili wakikaa jamvi moja, mtoto akaitwa kwa jina ambalo kila mmoja wao aweza kulitamka kwa furaha, hapana shaka amani imeingia katika nyumba ile pamoja na mtoto.

Mwenyezi Mungu atujaalie watoto wema, aunganishe nyumba zetu, na awafanye wenye majina ya Mitume wazifuate nyayo za Mitume. Amin.